Mstari wa Kalamu kwenye Mkono wa Noëlla

Kila alfajiri kabla ya shule, Noëlla alimsaidia mama yake kupasua samaki ufukoni mwa ziwa, Nchelenge. Alhamisi hiyo akili yake haikuwa kwenye kisu. Ilikuwa kwenye mechi ya Jumamosi dhidi ya wasichana wa Puta, na golikipa ni yeye! Mara kambale akamchoma kiganjani kwa mwiba wa pezi.

"Umeumia?" mama akauliza.

"Haiko kitu, mama."

Akapaka utelezi wa kambale yuleyule kwenye tundu, kama wavuvi wa pale walivyozoea, kisha akaficha mkono ndani ya sweta.

Ijumaa darasani mkono ulikuwa umevimba. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lakini maumivu yalimtoa machozi. Rafiki yake Misozi, beki wa timu, akamvuta sweta.

"Mawe!" akamaka kwa mshtuko. "Ni nini hii?"

"Nyamaza! Mwalimu akijua, sitacheza."

Misozi akachukua kalamu, akachora mstari pale uvimbe ulipoishia. "Uvimbe ukivuka huu mustari, ninasema. Hata ukinichukia."

Kengele ya mapumziko ilipolia, uvimbe ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa vidole viwili! Misozi alitoka mbio kwa mwalimu, na mwalimu akampakia Noëlla kwenye pikipiki, wakaenda wakitimua vumbi hadi hospitali.

Daktari Kangwa alipouona mstari ule na jinsi uvimbe ulivyouvuka, hakuuliza mengi. "Upasuaji, sasa hivi!"

Alikata nyama iliyokufa, akamtundikia dawa kali za mishipani. Siku mbili mama hakujua kama mwanawe atabaki na mkono. Siku ya tatu vidole vikacheza, naye mama akalia kwa furaha.

"Mutoto wangu, juu ya nini ulinificha?"

"Niliogopa utanikataza mpira."

Misozi akachungulia mlangoni. "Puta walitufunga matano! Pona upesi, wewe!" Noëlla akacheka mpaka bandeji ikatikisika.

"Sikilizeni," alisema daktari. "Vijidudu vilivyovimbisha mkono huu havionekani kwa macho. Vingine hukaa kwenye ngozi yetu, vingine kwenye maji ya ziwa na utelezi wa samaki. Vikipata tundu, huingia chini ya ngozi na kuozesha nyama kwa saa chache. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji safi. Maumivu yakiwa makubwa kuliko kidonda chenyewe, kimbia hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akamgeukia Misozi. "Na mkono huu uliokolewa na kalamu yako kabla ya kisu changu."