Uzi wa Kioo Kwenye Zulia

Kila asubuhi Chiriku alifagia sebule, akamnawisha mdogo wake uso, kisha akaenda kumgongea mama mdogo mlango ili asichelewe kazini. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Aliongea akifagia, akaongea akila, na hata akipiga mswaki aliongea, povu likimtoka huku na huku.

"Mama mdogo, amka! Kumekucha, mvua haipo, Kitinda amemwaga uji, na Baba anatafuta soksi moja!"

"Chiriku, ukinigongea tu nitaamka," sauti ilijibu kutoka ndani. "Si lazima unisomee taarifa ya habari."

Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea, akienda hatua chache na kuanguka, kisha anatambaa zuliani huku akicheka peke yake.

Mama mdogo, ndugu yake Mama wa kumfuata, alikuwa fundi wa faiba. Hizo ni zile nyaya za intaneti ambazo ndani yake hamna shaba bali nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga. Mchana alizunguka mjini akitandaza nyaya na kutengeneza zilizokatika. Jioni alikaa kwenye meza yake chumbani akihangaika na kitu alichokibuni mwenyewe.

"Uzi wa kioo hauna subira," alimweleza Chiriku. "Ukiupinda sana, mwanga unavuja. Ukizidisha, unakatika. Pale hospitali kuna kona moja ya ngazi, kila mara tunaitwa pale pale. Waya umekatika, kompyuta za wagonjwa zimezima."

Kwa hiyo alikuwa ametengeneza bomba laini la kupitishia nyuzi, lenye pingili nyingi zilizoshikana kama mgongo wa jongoo. Lilipinda vizuri, lakini ukilazimisha kulikunja kupita kiasi, pingili zilibanana na kukataa. Mwenyewe aliliita Jongoo. Kwenye ncha yake alifunga kiunganishi cha kubuni kwake pia, kidude chenye springi kilichoingia mahali pake kwa mlio wa "ta!" Wakubwa wake kazini walikuwa wamekubali kuvitazama vyote viwili siku ya Jumatatu.

Meza hiyo ilikuwa na sheria. Hakuna kuingia bila viatu. Hakuna kuchungulia ncha ya uzi. Na kila kipande kilichokatwa kilinaswa kwa utepe wa gundi na kutiwa kwenye kopo lenye kifuniko.

"Kipande cha uzi huu hukioni kikiwa sakafuni," alisema mama mdogo, "lakini chenyewe kinakuona wewe."

Baba hakuipenda meza hiyo hata kidogo. "Shemeji, humu ndani mna mtoto anayetambaa," alisema. "Siku mtoto akiumia kwa hivyo vioo vyako, meza inatoka. Sitauliza mara mbili."

Jumamosi, Baba na Mama walikuwa kazini, na mama mdogo akapigiwa simu ghafla kwenda kutengeneza waya uliokatika. Alitoka mbio, viatu havijafungwa vizuri. Chiriku akabaki na Kitinda, ambaye alikuwa amelala. Haukupita muda akaingia rafiki yake, binti wa mshonaji wa jirani. Darasani walimwita Maswali.

"Eti ni kweli mwanga unapinda kona?" Maswali aliuliza.

"Kweli kabisa. Nimeona kwa macho yangu."

"Unapindaje? Si mwanga unakwenda moja kwa moja? Au unaniongopea?"

Chiriku hakupenda kuitwa mwongo. Alisukuma mlango wa mama mdogo, ukafunguka. Chini ya meza palikuwa na kipande cha Jongoo kilichotupwa, nyuzi zikiwa bado ndani. Akakibeba hadi sebuleni, wakafunga mapazia, wakaketi zuliani. Maswali alimulika tochi upande mmoja. Upande wa pili Chiriku aliweka kiganja, na juu ya ngozi yake kikatokea kitone cheupe cha mwanga. Wakalipinda bomba. Kitone hakikuondoka.

"Loo!" Maswali alisema. "Na mama yako mdogo anazikataje?"

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema basi, turudishe. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba kwa sifa. Alichukua mkasi wa kukatia kucha akazikata ncha za nyuzi. Hakuwa na kisu maalumu, hakuwa na utepe, hakuwa na kopo. Ilisikika sauti ndogo tu ya kuvunjika, mara mbili tatu.

Waliinama kutazama zulia. Hawakuona kitu.

"Vimekwenda wapi?" Maswali aliuliza.

"Ni vidogo mno. Si kitu." Chiriku alipitisha ufagio haraka haraka, akarudisha bomba chini ya meza, akafungua mapazia. "Lakini tusimwambie mtu."

Jumapili jioni Kitinda alianza kulia. Hakulia kilio chake cha njaa wala cha usingizi. Alikuwa ameinua kidole gumba cha mkono wa kulia, akikitazama, akikirudisha mdomoni, kisha akipiga kelele na kukitoa tena. Chiriku alipomwona hivyo, alimbeba hadi dirishani. Alikichunguza kidole kile kwenye mwanga. Palikuwa na wekundu kidogo tu, kama ameng'atwa na mdudu.

"Labda ni mdudu," alisema Mama.

"Labda," alisema Chiriku, akakiachia kile kidole.

Jumatatu kidole kilikuwa kimevimba na mwili wa Kitinda ulikuwa wa moto. Mama hakwenda kazini, akampeleka zahanati. Daktari alikitazama kidole, akakibonyeza, akauliza kama mtoto amechomwa na kitu chochote.

"Hapana," Mama alijibu. Ndivyo alivyojua.

Daktari akatoa dawa ya homa na dawa ya kupaka, akamwambia wasipoona nafuu warudi upesi.

Shuleni siku hiyo Chiriku hakusema neno. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Wakati wa mapumziko alimvuta Maswali nyuma ya maktaba akamwambia yote.

Maswali alibadilika rangi. "Kioo kikiingia mwilini si kinatembea? Si kinafuata damu hadi moyoni?"

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia. Wewe hujasikia? Sasa utasema?"

Chiriku aliziba masikio. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipima mambo mawili. Akisema, Baba atatoa meza, na kazi yote ya mama mdogo itakwenda na maji kwa sababu yake. Asiposema, kile kipande kitaendelea na safari yake. Kila alipogeuza wazo upande huu, la upande wa pili lilimchoma.

Alipofika aliomba kidole kiwe kimepona. Badala yake alikuta vicheko sebuleni. Mama mdogo alikuwa amerudi, amesimama katikati ya chumba, bado na kofia ya kazini.

"Wamelikubali bomba!" alimwambia Chiriku akimkumbatia. "Jongoo wamempinda, wamemkanyaga, wamemning'iniza, hakukatika uzi hata mmoja! Wanataka kumjaribu pale pale kwenye ile kona ya hospitali. Kiunganishi ndicho wamekikataa, springi inalegea. Lakini nitakitengeneza. Nipeni tu meza yangu na jioni zangu."

Hata Baba, aliyekuwa amewahi kurudi kwa ajili ya mtoto, alitabasamu. "Hongera, shemeji. Basi kumbe vile vidude vina maana."

Chiriku alijaribu kutabasamu, midomo ikagoma.

"Chiriku, njoo unisaidie," Mama aliita kutoka kwenye kochi. "Mshike mkono nimpake dawa. Ananishinda nguvu."

Chiriku alipiga magoti akashika kile kimkono cha moto. Mama alichota dawa, akaanza kuisugua kwenye kidole kwa nguvu kidogo ili iingie. Kitinda alipiga ukelele uliokata pumzi. Macho yake, yaliyojaa machozi, yalimtazama dada yake. Mama akasugua tena.

"Usisugue!" Chiriku alipasuka. "Mama, usisugue, unakizamisha! Ni kioo! Kuna kioo humo ndani!"

Mama aliondoa vidole vyake haraka.

"Kioo gani?" Baba aliuliza taratibu.

Chiriku alieleza. Alieleza mlango, bomba, tochi, mkasi, ufagio. Hakumtaja Maswali kuwa ndiye aliyeuliza. Alisema tu kwamba mkasi aliushika yeye. Machozi na kamasi vilichanganyika, lakini hakuacha neno. Alipomaliza, hakuthubutu kumtazama mama mdogo.

Mama mdogo alivua kofia. Hakugomba. Aliingia chumbani akatoka na kipande kidogo cha uzi kilichonata kwenye utepe wake. "Twendeni zahanati sasa hivi," alisema. "Daktari akione hiki, ajue anatafuta nini."

Daktari alikitazama kile kipande, kisha akazima taa ya dari. Alileta taa ndogo akaimulika kutoka ubavuni mwa kidole, akachungulia kwa kioo cha kukuzia. Mama alimkumbatia Kitinda kwa nguvu. Chiriku alisimama ukutani.

"Kaa hapo hapo, bwana mdogo," daktari alinong'ona. Akatoboa ngozi kidogo, usaha ukatoka, kisha akaingiza kibanio chembamba. "Nimekishika... kimeteleza... haya." Aliinua kibanio kwenye mwanga. Kwa nukta moja kitu kilimeta, kisha kikapotea tena, chembamba vile.

Alimkagua Kitinda mdomo na macho pia, akasema kuko salama. Kisha akamgeukia Chiriku. "Ndiwe uliyesema?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. "Daktari, kingefika moyoni?"

"Hapana. Hiki kingebaki hapo hapo kikizidisha usaha, na kesho au keshokutwa tungekuwa tunapasua kidole, si kukitoboa. Asubuhi nilikibonyeza mimi mwenyewe sikukiona. Nisingekiona hata leo kama usingeniambia."

Waliporudi, Baba alisimama kando ya zulia. Akauliza: "Nilisema nini mimi kuhusu ile meza?"

"Ulisema itatoka, shemeji, na itatoka," mama mdogo alijibu kabla Chiriku hajafungua mdomo. "Sikufunga mlango, na mabaki niliyaacha chini ya meza. Hilo ni langu, si la mtoto. Nitaomba kona kwenye stoo ya kazini. Nitakuwa nachelewa kurudi, basi."

Chiriku alilia upya. Mama mdogo alimshika bega. "Meza ina miguu minne, inahamishika. Kilichoniudhi si meza. Ni kwamba ulimwona akilia tangu jana, ukakaa kimya, wewe ambaye hukai kimya hata ukipiga mswaki."

"Nisamehe, mama mdogo. Nisameheni nyote."

"Nimekusamehe. Sasa lete utepe."

Walipiga magoti wote, Baba naye, wakiwa wamevaa viatu, wakigandisha utepe juu ya zulia na kulimulika kwa tochi kutoka pembeni. Vilipatikana vipande vingine, vikimeta na kuzimika. Baba hakuridhika, akalikunja zulia lote akalifunga ndani ya plastiki likatupwe.

Chiriku alikuwa akifuta sakafu alipoacha ghafla, tambara mkononi.

"Maswali alikaa hapa," alisema. "Na sketi yake. Kama vimenasa huko je?"

Watu wazima walitazamana. "Nani atakwenda kumwambia mama yake?" Mama aliuliza.

Chiriku alitamani mtu mwingine ajibu. Mama wa Maswali alikuwa mtu wa maneno makali, mtaa mzima ulimjua. Alipiga moyo konde. "Nitakwenda mimi. Ila naomba mama mdogo anisindikize."

Jua lilikuwa bado halijazama. Walimkuta mshonaji kibarazani, cherehani ikinguruma, Maswali akiwa pembeni anapinda pindo la kitambaa. Maswali alipomwona Chiriku na mama yake mdogo, sindano ilimponyoka.

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema. Akaeleza tena yote, safari hii bila kulia.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Alimtazama binti yake, akamtazama Chiriku, kisha akaingia ndani akatoka na sketi ya Jumamosi. Waliitandaza mezani, mama mdogo akaipitisha utepe chini ya tochi. Kwenye pindo, kipande kimoja kilimeta.

"Na hii nilitaka kuifua kesho kwa mikono yangu," alisema mshonaji. Chiriku alisubiri makaripio. Yalikuja, na Maswali alipata fungu lake pia, tena kubwa. Lakini yalipokwisha, yule mama alivuta kiti akamwashiria Chiriku akae.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi sindano ikinivunjikia kwenye nguo ya mteja, nasimama. Siendelei kushona. Natafuta nusu ya kwanza, natafuta nusu ya pili, hata kama mteja yuko mlangoni ananisema vibaya. Najua nikiiacha humo, itamchoma mtu ambaye hakuivunja. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Kuvunja kitu kunamtokea kila mtu. Ila ukishavunja, sema pale pale, na utafute vipande vyote, visiende kumwumiza asiyehusika. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Leo umetafuta mpaka cha mwisho, hata kilichokuwa nyumbani kwangu. Umechelewa, lakini umekuja." Akaigeukia cherehani yake. "Haya, nendeni. Na wewe Maswali, unaninunia nini? Leta mkasi, tumalize pindo hilo kabla giza halijaingia."