Sare za Bure

Ndugu zangu wa Blacktown na vitongoji vyake, hapa ugenini, nawasimulia yaliyompata mama mmoja wa kwetu. Msinicheke wala msimcheke, maana angeweza kuwa yeyote kati yetu.

Jumamosi moja ya Mei nyumba ya Marie-Jeanne, pale Rooty Hill, ilijaa raha. Akina mama wa kanisa walikuwa sebuleni wakiimba na kukunja sare za shule zilizokwisha kuvaliwa, mashati meupe na sketi za buluu, mifuko kwa mifuko. Zilikuwa zinakwenda Walungu, kwetu Kivu ya Kusini, zigawiwe watoto bure kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Marie-Jeanne hutunza wazee Quakers Hill siku sita kwa wiki, na maishani mwake hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Safari hii aliitwa mwenyekiti wa mchango huo, na cheo kikamkaa vizuri.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Clarisse, mdogo wake, mwenye karakana ya kushona hukohuko Walungu. Marie-Jeanne akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango, akasikiliza.

“Dada, nimesikia leo tu kama munatuma sare. Minakuomba, usitume. Masomo tatu za huku zilitupatia commande ya kushona sare za batoto ya Septembre. Niko na bashonaji tisa. Destin ni mumoja wao, ule alitoka pori na kuweka bunduki chini sababu nilimupatia kazi. Sare za bure zikifika, nani atanunua zetu? Unijibu, dada.”

Akasikiliza tena. Lori la kupeleka mifuko kwenye kontena, Smithfield, lilikuwa lifike saa nane, na sasa ilikuwa saa nane kasorobo. Angeweza kufungua mlango aseme, “Jamani, tungoje kwanza.” Lakini alimfikiria mchungaji aliyekwisha kuutangaza mchango huo madhabahuni. Alifikiria watu watakavyosema kwamba mwenyekiti ameamrishwa na mdogo wake. Akajiambia Clarisse anajali cherehani zake tu, basi.

Yvette, katibu wake, akabisha mlango. “Mama Marie, truck imefika! Everything okay?”

“Hakuna shida. Ni mdogo wangu, ananisalimia.”

Wenzangu, uongo mbaya si lazima usemwe kwa sauti mbaya. Huo ulisemwa kwa tabasamu, na aliyeusema akatoka kubeba mifuko kwa mikono yake mwenyewe. Wiki ile Clarisse alituma ujumbe mara mbili zaidi. Marie-Jeanne hakuufungua, asije akaonekana ameusikia.

Mwishoni mwa Agosti mzigo ukafika. Picha za watoto zikaonyeshwa kanisani, watu wakapiga makofi, na kwa kweli watoto wale walifurahi, sitawanyima furaha yao. Lakini ndani ya juma moja shule zote tatu zilifuta oda. Majora ya kitambaa yakabaki karakanani, na washonaji wakaondoka mmoja mmoja. Destin ndiye aliyekawia. Kila asubuhi alikuja, akakaa kwenye cherehani yake, akangoja mteja hadi jioni. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Oktoba, Marie-Jeanne akiwa mapumzikoni kazini, Clarisse alipiga simu.

“Bale bantu ba pori balikuja kumuita Destin,” alisema. “Hakukuwa tena kazi ya kumushika hapa. Alibafuata. Jana balituletea maiti yake.”

“Yesu wangu! Clarisse, nitume nini? Useme tu, nitatuma.”

“Usitume kitu. Bibi yake iko hapa. Anauliza nani aliua kazi ya bwana yake. Ninamupatia simu. Umuambie weye mwenyewe.”

Marie-Jeanne alitaka kukata. Kidole kilikuwa tayari. Kisha akasikia mwanamke akisema, “Allô?” kwa sauti iliyokauka kwa kulia.

“Ni mimi, mama,” alisema. “Niliambiwa nisitume, nikanyamaza.”

Mjane alirudisha simu kwa Clarisse, na Clarisse akakata. Hajapiga tena mpaka leo.

FUNZO

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na guu lililovunjika halikuwa lake. Ndugu zangu, kule kwetu bunduki haikosi nafasi za kazi hata siku moja; mwajiri wake yuko mlangoni daima. Anayeshindana naye ni fundi mwenye cherehani tisa, na sisi tukampiga teke kwa jina la upendo. Kabla hujatoa, uliza nani huko anaishi kwa kutengeneza kitu hicho. Ukitaka mtoto avae, mlipe fundi wa kwao amshonee. Na ukiambiwa umekosea, sema palepale, hata kama lori liko mlangoni na watu wote wanakutazama.