Sura ya Tisa

Jumamosi saa tano asubuhi, dukani kwa dobi hapapitiki. Watu wamejipanga mpaka barabarani, kila mmoja na karatasi ya namba mkononi, huyu ana harusi, yule ana kikao, na wote wana haraka. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke aliyejifunga kitambaa cha njano, mikono ya gauni lake la bluu kaikunja hadi viwikoni, pasi inatoa mvuke.

"Koti la kijivu," alisema mwanamume mrefu mwenye miwani. "Namba arobaini na saba."

"Koti tayari. Kitabu bado."

"Kitabu gani?"

"Kilichokuwa kwenye mfuko wa ndani. Niko ukurasa wa thelathini na moja."

Foleni nzima ikacheka.

"Dada, kile ni cha maktaba. Mimi ndiye mkutubi."

"Basi niandikie kwamba nimekiazima. Au mpaka niwe na digrii?"

Akamwandikia. Wiki iliyofuata mkutubi alileta shati ambalo halikuwa chafu, na dobi akamwambia wazi kwamba halikuwa chafu.

Mwanamke huyu aliachishwa shule darasa la tano ili kaka yake aendelee. Kaka mwenyewe, kwa taarifa yenu, hakumaliza la saba. Dobi hakusahau. Alijifundisha kusoma vizuri kwa magazeti ya kufungia nguo, na kila habari aliishia katikati, maana nusu ya pili iliondoka na suruali ya mtu.

Tatizo lake halikuwa kusoma. Mikono ndiyo haikuwa na nafasi. Kwa hiyo kila siku saa nane mchana mkutubi alitumia saa yake ya chakula kumpigia simu na kumsomea, simu imewekwa juu ya rafu ya mashati.

"Unanisikia, laazizi?"

"Nakusikia. Punguza mahaba, ongeza kurasa."

Wakamaliza riwaya mbili hivyo, wakaanza ya tatu, zote za wanawake wa bara hili hili. Kikundi cha wasomaji pale maktaba, kinachokutana Jumapili alasiri, kilikuwa kimekubaliana mwaka mzima kisome waandishi wa namna hiyo. Na kwa nini wasikubaliane? Miaka mingapi rafu zile zilijaa wanaume wa mabara mengine, na waliozaliwa na kuandika hapa, hasa akina mama, wakasukumwa chini kabisa karibu na ndoo ya kudekia?

Dobi naye akajiunga, na Jumapili moja, riwaya ile ya tatu ikijadiliwa, mkunga mstaafu aliyeongoza mazungumzo alimgeukia. "Haya mwanangu, wewe huwa humung'unyi maneno. Yule mke wa sura ya tisa, ungekuwa wewe ungevumilia?"

"Avumilie nini, mama? Si alikuwa anashona tu dirishani, mara sura inayofuata yuko kwa dada yake?"

Mkunga akafunua kitabu chake.

"Mume si kamchomea madaftari yake?"

"Madaftari gani?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. "Wengine tunafuata chai."

Dobi alimtazama mkutubi. Mkutubi alitazama sakafu. Hapo akaelewa: mtu huyu alipomsomea aliiruka sura nzima. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Mpenzi, nisikilize—"

"Mwalimu wangu wa darasa la tano naye alikuwa akiniruka. Swali likifika kwangu, anahamia dawati la nyuma. Nilidhani wewe ni mtu mwingine." Akakata.

Ijumaa mkutubi alikuja mwenyewe, shati lina makunyanzi, kitabu mkononi, watu sita mbele yake. Akasubiri zamu yake.

"Sikukuruka kwa kukudharau," alisema. "Nilijaribu mara tatu, sauti haitoki. Mama yangu alikuwa anaandika. Madaftari manne, anayaficha chini ya gunia la unga. Baba alipoyatafuta, mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilikuwa na miaka saba. Akayachoma uani, mama amesimama pale pale."

Dobi akaiweka pasi kando. Moyo ulimwelekea, lakini hasira nayo haikuwa imeondoka, na hakuona sababu ya kuificha.

"Pole. Pole ya kweli. Lakini baba yako alichoma, wewe ukaruka. Mara zote mbili mwanamke ameandika, na mwanamume akaamua nani asisikie. Ungesema, 'Hapa sipawezi, pasome mwenyewe.' Ningezima pasi nikasoma."

"Nimekosa. Nifanye nini?"

"Soma."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mimi niliumbuka nyuma ya mlango?"

Akafungua kitabu. Alisoma moshi, alisoma jalada linavyojikunja, akafika pale mke anapoyarudia maneno yake kimoyomoyo yasimpotee. Sauti ikakatika. Dobi akazunguka kaunta, akaweka kidole kwenye mstari ule, akausoma yeye, polepole, kwa sauti ya kusikika. Mstari uliofuata akaudaka mkutubi. Wakaenda hivyo, mmoja akikwama mwingine anapokea.

Walipofika chini ya ukurasa dobi akauliza, "Mama yupo?"

"Yupo, kwa dada yangu."

"Mmewahi kulizungumza?"

"Hata siku moja."

"Basi Jumapili tunakwenda. Utaanza wewe, mimi nitakaa kando yako. Mtu asiyeweza kumwomba mama yake radhi, mimi simwambii ndiyo."

"Ndiyo ya nini? Mbona sijauliza?"

"Shati siku nne halijaona pasi, na bado unajifanya huna posa moyoni?" Kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Tukitoka kwa mama, uliza."

"Na suruali yangu, jamani?" alilalamika mzee mmoja kwenye foleni.

"Subiri, baba. Zimebaki kurasa mbili."

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Haya, someni. Ila pazeni sauti, huku nyuma hatusikii."