Zamu Kwenye Geti la Orran

Dolina alirudisha kinasa sauti nyuma akasikiliza tena. Kaka yake Tormod alikuwa akisimulia kwa sauti yake ile ya kukwaruza, na katikati ya maneno mtu mwingine akakohoa. Jana yake jikoni walikuwa wawili tu, yeye na Tormod.

Alikuwa akikusanya kumbukumbu za utotoni za wazee wa bonde la Orran, vijana wasije wakadhani maisha yalianza na umeme. Alianzia nyumbani kwake, maana Tormod akifunguliwa mdomo hafungiki. Siku hiyo alikuwa ameeleza mazishi ya baba yao, Ruairi.

"Baba alizikwa siku moja na bibi kizee wa kina MacPhail," ilisema sauti ya Tormod. "Na Orran nzima inajua: anayezikwa mwisho ndiye analinda geti la makaburi, mpaka aje maiti mwingine ampokee. Nani anataka mtu wake asimame pale? Basi zikawa mbio, majeneza mabegani! Tungewashinda, ila wabebaji wetu walisimama kivukoni wakanywa wiski, wakaongeza. Baba akaingia wa pili. Mzee wa watu, hata kaburini alichelewa." Akacheka. Hapo ndipo kikohozi kiliposikika.

Dolina hakucheka. Mwaka ule ule mto ulianza kula ukingo, makaburi yakafungwa, watu wakawa wanazikwa kwenye makaburi mapya kule barabarani. Hakuna aliyepita tena geti la zamani. Yeye alikuwa mtoto wa shule wakati ule, na sasa kichwa kizima ni mvi. Nani alimpokea baba?

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Komeo la mlango liliinuka na kushuka bila mkono wa mtu. Jikoni kulinuka moshi wa mboji, ule udongo wa kinamasi unaokaushwa kuwa kuni, nao waliacha kuuchoma zamani, na chini ya moshi ule kulikuwa na harufu ya udongo mbichi. Alasiri moja, giza la Desemba likianza kuingia, Dolina alimkuta kaka yake anavaa buti.

"Unakwenda wapi na kifua hicho, kaka?"

"Ananiita," Tormod alinong'ona.

"Nani?"

"Baba. Miguu imemfa ganzi, Doli. Anasema inatosha, nimpokee."

Dolina akamvua buti kwa nguvu, akasukuma meza mlangoni, akakaa juu yake huku akisikia nyayo zikizunguka nyumba, zikipita chini ya dirisha, zikisimama, zikianza tena, nzito kama za mtu aliyesimama muda mrefu mno, na kila zilipofika mlangoni pumzi ndefu ikapenya chini ya ubao, yenye baridi, ikiita jina la Tormod taratibu kama baba anavyomwamsha mwanawe kwenda kuchunga, na Tormod, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaitika.

Asubuhi alikimbilia kwa Bi Beathag, jirani aliyewaosha maiti wa bonde lile maisha yake yote.

"Hataondoka mikono mitupu," alisema Bi Beathag kwa sauti ya chini. "Wavuvi waliopotea baharini tulizika nguo zao, na ikahesabika. Anamwita nani?"

"Tormod. Bi Beathag, sina mwingine duniani."

"Basi mpe koti la Tormod. Lile analolipenda."

Wakaliweka koti katika sanduku la unga wa oti, wakalibeba wawili, huku Bi Beathag akilalamikia kiuno chake njia nzima. Geti lenye kutu lilifunguka kabla hawajaligusa. Walichimba, wakazika, wakaimba zaburi. Kitu kikapita kando ya Dolina kuelekea makaburini, polepole, na harufu ya moshi ikaisha.

"Lala, baba," alisema, akalia kwa furaha.

Nyumbani alimkuta Tormod anakula skonzi. Kifua chake kimepona kabisa. "Umeniibia koti langu, mwizi wewe?" alimtania, na Dolina akacheka mpaka akashika ubavu.

Giza lilipoingia, Tormod aliweka kikombe mezani, akainuka, akatoka peku. Dolina alimfuata akimwita, hakugeuka. Alikwenda kusimama kwenye geti la zamani, wima, uso umeelekea njiani.

"Kaka, twende nyumbani. Utakufa kwa baridi!"

"Mimi ndiye niliyezikwa mwisho, Doli. Hii zamu yangu."

Alirudi alfajiri akiwa mzima, mikono baridi kama mawe ya mtoni. Jioni akaenda tena, na jioni iliyofuata. Mchana ni Tormod yule yule, mwenye maneno mengi na matani, ila kila anapokunywa chai humtazama dada yake na kumuuliza kwa upole unaomkata maini:

"Hakuna mgonjwa bondeni?"

Majira ya kuchipua yalipofika, Dolina alimwambia Bi Beathag: "Siku yangu ikifika, msinipeleke kule barabarani. Nipitisheni geti la zamani."

"Na wewe atakupokea nani, mwanangu?"

Giza lilikuwa linaingia, naye Dolina alikuwa akifunga chupa ya chai ya kumpelekea kaka yake.