Choo Kisichojaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mishi aliteka maji katika kisima cha wakfu pale Magogoni, mtaa wa Kisauni. Kisima hicho kilichimbwa na babu wa baba yake, na tangu hapo hakuna aliyewahi kutozwa chochote. Wenyeji wa Kisauni na watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini, wote walikutana hapo na ndoo zao. Ilikuwa miaka miwili kabla ya uhuru, na nyumba nyingi za huko hazikuwa na mabomba.

Msimamizi wa kisima alikuwa baba yake Mishi, Mzee Khatibu. Alikuwa mtu mwema, ila sifa alizipenda. Kabla ya Ramadhani alimwita Ngowa, mchimbaji hodari, achimbe choo cha sadaka karibu kabisa na kisima, ili mpita njia ajisaidie na kutawadha papo hapo. Ngowa alipofika chini aligonga jiwe la matumbawe, nalo likafunguka ufa mkubwa. Mzee Khatibu alifurahi kweli kweli.

"Alhamdulillahi!" alisema. "Choo hiki hakitajaa maishani!"

Na kweli hakikujaa. Watu walikitumia usiku na mchana, na Mzee Khatibu hakuchoka kuwaeleza wenzake barazani juu ya choo chake kisichojaa. Waliomsikiliza ndio waliochoka.

Baada ya Idi, watoto wa mtaa wakaanza kuugua matumbo. Walianza wa jirani yao Milcah, kisha akafuata Badi, mdogo wake Mishi. Aliharisha na kutapika hata macho yakaingia ndani, akapelekwa hospitali. Bwana Afya, aliyeitwa Odhiambo, akaja kuchukua maji ya kisima katika chupa ili yakapimwe. Aliporudi, hakuwa na habari njema.

"Maji haya yana uchafu wa choo," aliwaambia watu. "Kwa sasa tekeni maji katika kisima cha Junda, na hayo pia myachemshe. Tusipojua uchafu unatoka wapi, kisima hiki kitafukiwa."

"Kufukiwa?" Mzee Khatibu aling'aka. "Wakfu wa babu yangu? Hebu yatazame maji yalivyo meupe, Bwana Afya! Tena hapa chini ni jiwe tupu. Maji yakipita kwenye jiwe husafika."

Watu wakaitikia kuwa ni kweli. Lakini swali moja lilimkaa Mishi moyoni. Aliogopa kumuuliza baba yake, kwani ni nani angependa kuambiwa na mtoto wake kuwa sadaka yake ina kasoro? Kisha akamkumbuka Badi kitandani hospitali, amekonda, hana hata nguvu ya kulia. Akaamua kuuliza.

Alasiri baba yake alimwita. "Mishi!"

"Abee, baba." Alileta birika la maji ya kutawadha, akaliweka chini, lakini hakuondoka. "Baba, nina neno. Nakuomba usikasirike."

"Sema, mwanangu."

"Choo chetu hakijai. Basi vile vinavyoingia vyaenda wapi?"

"Vyaenda huko."

"Huko wapi, baba?"

Uso wa Mzee Khatibu ukabadilika. "Wanisuta, Mishi? Mimi nimetoa sadaka, wewe waniambia nimechafua maji?"

"La, baba, sikusuti." Mishi hakurudi nyuma. "Kisima kikifukiwa, wakfu wa babu umekwisha. Na Badi akirudi, atakunywa nini?"

"Kuuliza si ujinga," mama yake, Bi Zubeda, alisema kutoka jikoni. "Mjibu mtoto."

Mzee Khatibu alilichukua birika, akaenda kutawadha. Kesho yake alimwendea Bwana Afya mwenyewe, amenuna. "Mwanangu asema choo changu chaingia kisimani. Nataka umwonyeshe kuwa amekosea."

Bwana Odhiambo alileta unga wa rangi ya kijani, akaukoroga katika ndoo ya maji. Mzee Khatibu aliipokea ndoo hiyo, akaimwaga chooni kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata Mishi aliteka maji, yakawa meupe. Baba yake akatabasamu. Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na wenzake Mishi wakaanza kumcheka. Aliona haya, lakini hakuacha kwenda. Siku ya tatu alivuta kamba, ndoo ikatokeza, na maji yalikuwa ya kijani.

Mishi hakushangilia. Aliiweka ndoo mbele ya baba yake, watu wakaizunguka. Mzee Khatibu aliinama akayatazama maji. Angeweza kumlaumu Ngowa, maana Ngowa ndiye aliyechimba, lakini hakufanya hivyo.

"Ni choo changu," alisema wote wakasikia. "Mwanangu kasema kweli. Nisameheni, jamani. Wallahi sikujua."

"Mchanga huchuja maji," Bwana Odhiambo alieleza. "Lakini matumbawe yana matundu na nyufa. Uchafu hupita humo upesi, na jicho halioni chochote."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Choo kilifukiwa. Ngowa alichimba kingine mbali, upande wa bondeni, na safari hii shimo likajengwa kwa saruji chini na kandoni ili uchafu usipenye. Wanawake na watoto waliteka maji yote ya kisima wakayamwaga, kikatiwa dawa, kikajengewa ukingo na kifuniko. Mishi alitoka malengelenge viganjani, ila kila alipoambiwa aiachie kamba alikataa.

Maji yalipimwa tena, yakaonekana salama. Siku ya kufungua kisima Badi alikuwepo, mwembamba lakini mtundu kama zamani. Mzee Khatibu alijaza kata, akampa Mishi anywe wa kwanza.

"Nilidhani uchafu ukishatoka machoni umekwisha," aliwaambia watu. "Kumbe umekwenda kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mwanangu. Kila mnachomwaga, ulizeni kinakwenda wapi. Wahenga walituusia tuzibe ufa. Mimi ufa niliushukuru."

Badi akamvuta kanzu. "Baba, na hiki choo kipya kitajaa?"

"Kitajaa, inshallah," alijibu Mzee Khatibu. "Nasi tutakizoa."