Nilimwachia Mume Wangu Ashinde

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, fundi cherehani hapa Kongowe, Kibaha. Kwetu hasa ni Kisarawe. Leo sina mume, na aliyevunja ndoa yangu si mwanamke mwingine, wala si uchawi. Ni mchezo wa chesi! Cheka kama unataka. Mashoga zangu nao walicheka, mpaka waliponiona nimekaa eda.

Mume wangu, Baba Salma, alikuwa dereva wa lori la mchanga, anapakia Mlandizi na kushusha Dar. Mwanamume wa kelele na mizaha, honi yake tuliijua kabla hajakata kona. Siku moja breki zikagoma, lori likaingia mtaroni, na mguu wake wa kulia ukakatwa. Aliporudi nyumbani hakuwa yule tena. Alilala akitazama ukuta, na chakula alikirudisha kama kilivyo. Nikimsemesha anajibu, "Mama Salma, niache."

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyekuja na ubao wa chesi. Alisema mtu aliyezoea drafti la kijiweni ataumudu tu. Akatufundisha sote wawili: farasi anaruka hivi, ngome inakwenda moja kwa moja, ukimbana mfalme akakosa pa kukimbilia umeshinda. Alipohamishwa kikazi, ubao akatuachia.

Basi tukawa tunacheza kila alasiri nikishafunika cherehani. Mwanzoni tulikuwa vipofu wawili. Ila mimi, Mungu anisamehe, ule mchezo ulinishika vibaya! Nikauweka kwenye simu. Mteja akichelewa kuja kujaribu gauni, mimi nafumbua mafumbo ya chesi. Napiga pasi kitenge, naona farasi wanaruka kwenye maua yake. Mtu mzima, mama wa binti aliyekwisha olewa... nilifurahi kama mtoto aliyejua kusoma! Sikuwahi kuwa na kitu nilichokijua kwa ajili yangu peke yangu.

Siku ya kwanza nilipomfunga sawasawa, mume wangu aliusukuma ubao, akageukia ukuta. Hakula tena.

Kesho yake nikamweka malkia wangu mahali pa wazi kabisa, pale farasi wake anaporukia. Akatazama... akatazama tena... akamla! Na akacheka. Cheko lile lile la dereva wa lori, ambalo sikulisikia tangu ajali. Nikalipenda kuliko ushindi wowote. Nani angenilaumu?

Nikawa namwachia kila siku. Na kumwachia mtu ni kazi, jamani! Lazima ukosee kwa namna inayofanana na kosa la kweli. Ukune kichwa, usonye, ujilaumu. Mume wangu akaanza kunyoa ndevu, akajikokota na magongo yake mpaka kijiweni, akawa anatamba. "Mke wangu gauni analikata vizuri, ila chesi kichwa hakifiki!" Wanaume wanacheka, nami natabasamu na pini zangu mdomoni.

Ndipo aliposikia kuna bonanza la chesi Kisarawe, kwetu kabisa, mtu yeyote ruksa kushiriki. Akajiandikisha. Akampigia simu kaka yangu Shabani, akamwambia alete ndugu wote waje kumwona shemeji yao.

Hapo ndipo ningesema! Nikamfuata nimwambie ukweli. Nilimkuta anajipigia pasi shati mwenyewe, anapiga mluzi. Nikaishia kumwambia kwamba huko kutakuwa na wazoefu. Akanijibu, "Unaniogopea nini? Mwaka mzima huu nani kanishinda?"

Tulikodi bajaji, tukapitia Kiluvya mpaka Kisarawe. Wa kwanza kumfunga alikuwa binti wa shule, chai yake haijapoa. Akafungwa na wa pili. Akafungwa na wa tatu, bwana mmoja mwenye miwani, ambaye hata hakukaa sawa kwenye kiti. Mume wangu alikuwa akifuta jasho na kuutazama ubao kama mtu aliyepotea njia ya kwake. Kaka Shabani naye, kwa utani wa mashemeji, akasema kwa sauti, "Shemeji, si ulisema unakuja kuwafunga wote?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Raundi iliyofuata mchezaji mmoja hakutokea. Msimamizi akauliza nani atajaza nafasi ili yule bwana wa miwani asikae bure. Mume wangu, akitaka kuficha aibu yake, akanyanyua gongo na kunionyesha. "Mwekeni mke wangu. Leo nisiwe mjinga peke yangu!"

Niliketi kwa nia ya kushindwa, wallahi. Lakini yule bwana alinidharau, akamsogeza farasi ovyo, na mimi nikaona njia yote mpaka kwa mfalme wake. Ningesema mkono ulikwenda wenyewe, lakini ningekuwa mwongo. Niliutaka ule ushindi! Nilikuwa nimeuweka tumboni mwaka mzima!

Watu walipiga makofi, shangazi zangu vigelegele. Nikainua macho kumtafuta mume wangu. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiutazama ubao.

Tulipofika nyumbani akauliza swali moja tu. "Tangu lini?"

Nikamwambia, tangu siku ile uliyokataa kula.

"Wale wa Kisarawe wamenicheka leo tu," akasema. "Wewe umenicheka kila siku, ndani ya nyumba yangu."

Nikamwapia sikumcheka, nilimwonea huruma. Heri ningenyamaza! Neno huruma ndilo lililommaliza. Asubuhi alikwenda Soga kwa dada yake, na talaka ikaletwa na mjomba wake. Kaka Shabani alikwenda kumwomba radhi, wazee wakaenda... hakutaka kusikia.

Nilipotoka eda nikaenda Soga mwenyewe. Wifi yangu alinikalisha jikoni, tukalia wote. Akaniambia kaka yake siku hizi anakaa barazani, anacheza drafti na yeyote anayepita. Lakini kabla ya kete ya kwanza humwapisha mwenzake: "Sema wallahi hutaniachia." Na akishinda hafurahi. Humkazia macho yule aliyeshindwa, kisha hukusanya kete. Nikiwa pale jikoni nilimsikia kwa masikio yangu akimwapisha mtu. Sikutoka kumsalimu. Ningemwambia nini?

Ndugu zangu, mwenzio akivunjika, mpikie, mwogeshe, mshike mkono. Ila usimdanganye kwamba anaweza asichokiweza! Mshinde, anune, kesho atakula. Mimi nilidhani namrudishia furaha yake, kumbe nilimnyang'anya hata ile ambayo angeipata mwenyewe.

Ubao wa mwalimu bado ninao. Hapa Kongowe sijamwona wa kunifunga. Alasiri ikifika nafunika cherehani, napanga kete zote, za kwangu na za kwake... halafu nazirudisha kwenye boksi.