Waya Mnene wa Mashua ya Tata Muteba

Kila asubuhi nyumbani kwetu huanza na moshi wa samaki. Mama yangu, Kabedi, huamka kabla ya jua na kuchochea makaa. Mimi, Chancelle, napanga samaki waliokauka ndani ya beseni. Kisha mama hupanda wewa, yaani pikipiki ya abiria, na kwenda kuuza sokoni Kolwezi.

Samaki hao hutoka ziwa Nzilo. Zamani mama alivuka kwa mashua za watu, akafika kwenye kambi za wavuvi wakati samaki wazuri wamekwisha. Mwaka huu tata, yaani baba yangu, Muteba, alichomelesha mashua ya chuma na kununua injini. Sasa mama angevuka alfajiri kabla ya wachuuzi wengine. Lakini alfajiri ziwa lina ukungu, na mashua isiyo na taa hugongwa. Kwa hiyo tata alinunua taa tatu za gari na betri ya volti kumi na mbili.

Akaitwa Honorine, mama fundi wa umeme wa magari. Aliizunguka mashua, kisha akasema:

"Tata Muteba, inafaa waya munene, nyekundu na nyeusi. Na fyuzi. Na swichi za batri, zenye mupira ya kuzuia maji."

Alitoa kipande cha waya mfukoni. Kilikuwa kinene kuliko waya wote wa nyumba yetu.

"Juu ya taa tatu?" tata aliuliza. "Batri hii haina hata nguvu ya kumurusha muntu. Juu ya nini waya kama ya mugodi?"

"Njo maana, tata. Umeme kidogo inaomba waya kubwa."

Tata aliupima waya ule mkononi. Kwetu shaba si kitu cha mchezo. Watu hukata nyaya, huzichoma nyuma ya nyumba mpaka plastiki iishe, kisha huuza shaba kwa kilo. Mtu akiomba waya mnene kwa kazi ndogo, wote hutazamana.

Tata alinivuta pembeni.

"Chancelle, weye hauna maneno mingi. Ikala mu mashua. Muangalie mikono. Usimuangalie kinywa."

Nilikaa. Honorine aliendelea kupima kwa macho, halafu akanigeukia.

"Mutoto, bamekutuma kunichunga?"

Masikio yangu yalipata moto.

"Basi chunga muzuri." Alinyoosha kidole kwenye betri, bila kuigusa. "Hapa njo kichwa ya kila kitu. Kama kuna hatari, toa waya ya hapa kwanza. Usipoteze wakati fasi ingine."

Tata alipokataa waya mnene, Honorine alikunja mkoba wake. "Kwa waya ya nyumba, mi sitie mukono," alisema, akaenda.

"Unaona?" tata alimwambia mama. "Amekosa fasi ya kuiba, amekimbia."

"Weye," mama alijibu, "bukari ikipunguka, unashuku sufuria." Bukari ndiyo ugali wetu.

Tata alinunua waya mwembamba na swichi nyeupe za ukutani, akafunga mwenyewe. Alipitisha waya mwekundu kwenye tundu la chuma hadi kwenye taa. Waya mweusi wa kila taa alipitisha kwenye swichi, kisha akaubana kwenye chuma cha mashua kilichounganishwa na betri, kama alivyoona kwenye magari. Swichi zilikuwa chini, karibu na dumu la mafuta.

Taa ziliwaka, lakini ya mbele ilikuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Tata alisema muuzaji alimpa taa mbovu. Baada ya siku chache betri ilianza kukutwa imekufa asubuhi, hata kama swichi zilizimwa. Hapo tata alimshuku Symphorien, mlinzi wa ufukwe.

"Unachaji telefone za bantu na batri yangu!"

"Tata, mi niko na telefone moja, na kioo yake ilipasuka," Symphorien alijibu. "Nichaji nini?"

Tata hakumwamini. Alianza kuibeba betri nyumbani kichwani kila jioni, na kuirudisha alfajiri.

Asubuhi moja mimi na mama tulisukuma mashua majini, tukapanda. Taa zilikuwa zinawaka. Ghafla nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ulitoka chini ya magunia. Mama alibonyeza swichi zote.

"Nimezima! Nimezima!" alipiga kelele.

Taa zilizimika, lakini moshi uliongezeka. Waya ulikuwa umelainika na kuyeyuka, na dumu la mafuta lilikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Nilipita juu ya magunia, nikashika kibano cha waya kwenye betri, nikakizungusha na kukivuta. Kilitoa cheche, kikatoka. Moshi ukakatika.

Tata alikuja mbio. Mama alikuwa amekwisha kushuka.

"Mi sipande tena mu hii mashua," alisema. "Nitarudia za bantu."

"Ni Honorine!" tata aliunguruma. "Alikasirika, akaharibu kitu. Leo atanijua!"

Watu walianza kukusanyika. Sijazoea kusema mbele ya watu, lakini nilimwona tata akigeuka kwenda mtaani kumtafuta.

"Tata," nilisema. Hakusikia. Nikasema tena kwa nguvu. "Tata! Mulinituma nimuangalie mikono. Niliangalia. Hakugusa hata waya moja. Hii yote mulifunga mwenyewe."

Tata alisimama. Alinitazama mimi, akatazama waya mwekundu ulioungua. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Enda umuite."

Honorine alikuja na bunda la waya mnene. Kabla ya kufungua mkoba, aliomba mizani ya samaki.

"Tata, tutapima waya yote mbele yako. Kila kipande nakata, tutapima kabla ya kufunga. Yenye itabakia, tutapima pia. Kama kuna shaba imepotea, niite mwizi."

Tata alikubali haraka mno, na mama akatikisa kichwa. Waya ulipanda mizani ukitoa harufu ya samaki. Tata alipima hata vipande vidogo vilivyoanguka.

"Na vumbi, tata?" Honorine aliuliza.

"Vumbi wacha," tata alisema, akacheka kidogo.

Halafu akauliza swali lililokuwa linamsumbua. "Kweli, juu ya nini umeme kidogo inaomba waya kubwa?"

"Fikiri maji. Tangi ikiwa juu sana, maji inasukumwa na nguvu, mupira mwembamba unajaza ndoo. Tangi ikiwa chini, maji inaenda polepole. Ukitaka ndoo ijae wakati ule ule, unaweka mupira munene. Umeme ya nyumba ni tangi ya juu. Batri ni tangi ya chini. Ukiipitisha mu waya mwembamba, taa inafifia, na waya inapata moto."

"Na swichi yangu? Mama alizima, moshi haikuisha."

"Uliiweka ku waya nyeusi. Nyekundu ilibakia na umeme hata taa zimezimwa. Chuma ya tundu ikaikwangua pole pole. Kwanza umeme ilikuwa inavuja kupitia maji ya ndani ya mashua, njo batri ilikuwa inakufa. Leo waya imegusa chuma kabisa, na hapakuwa na fyuzi ya kukata."

Tata alimtazama Symphorien aliyekuwa amesimama kando. Akamwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili. Symphorien akasema tu, "Telefone yangu bado imepasuka, tata," na watu wakacheka.

Honorine alifunga fyuzi karibu kabisa na betri, na baada yake swichi kuu inayokata kila kitu. Kila taa ilipata swichi yake kwenye waya mwekundu. Waya mweusi ulirudi hadi kwenye betri, si kwenye chuma. Waya wenyewe ulikuwa wa nyuzi nyingi, maana ule wa uzi mmoja huvunjika injini ikitetemeka. Kwenye kila tundu alitia mpira.

"Swichi inakaa juu, mbali na mafuta," alieleza. "Mvuke ya mafuta inashuka chini, na swichi inatoa cheche. Ile ya ukutani haikutengenezwa kwa batri. Cheche yake inakawia, inakula chuma ya ndani. Na maji inaingia."

"Nitakuwa nagusa waya kila siku," tata alisema. "Siamini kitu."

"Gusa. Ikiwa moto, zima, uniite. Shaka ya namna ile naipenda."

Kesho yake alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Mama alisimama ufukweni na beseni kichwani, hataki kupanda. Hakumwuliza tata wala Honorine. Aliniuliza mimi.

"Chancelle, kama moshi inatoka, unafanya nini?"

Nilizungusha swichi kuu. Taa zote tatu zikafa mara moja. Nikairudisha, zikawaka nyeupe, na ya mbele ikang'aa sawa na nyingine.

Mama alinipa beseni, akakunja kitenge chake, akapanda.